Breki Iko Kushoto

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kuanzia daktari wa mifupa hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Mama Plasta, naye alikuwa amelizoea mno, hata ukimwita kwa jina la kwenye cheti angegeuka kutazama ni nani anayeitwa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifunga mifupa ya watu katika chumba chenye kitanda kimoja kirefu, sinki la chuma na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Unga wa plasta ulimwingia kwenye nyusi, kwenye kucha, mpaka kwenye chakula chake cha mchana. Hakulalamika. Kazi alikuwa anaiweza, na anayeiweza kazi yake hana haja ya kelele.

Ila kazi hiyo ilimpa ugonjwa mmoja: aliogopa pikipiki. Wala si uoga wa kushtuka honi. Wake ulikuwa uoga wa mtu aliyesoma. Angetazama picha ya eksirei akakuambia huyu alikuwa anaendesha na huyu alikaa nyuma. Anayeendesha huvunjika muundi na kiwiko cha mkono, kwa sababu binadamu akianguka huunyoosha mkono kana kwamba ardhi itampokea. Anayekaa nyuma huvunjika paja. Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Katika miaka yake arobaini na minane Mama Plasta hakuwahi kupanda pikipiki hata mara moja. Mvua ikinyesha alivua viatu akatembea.

Na Mungu naye ana utani wake. Kaka yake wa tumbo moja alikuwa fundi pikipiki.

Waliishi pamoja katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, dada akiwa mjane asiye na mtoto, kaka akiwa mseja aliyevunja uchumba mara mbili. Au tuseme ulivunjwa, maana wachumba wenyewe walisema ananuka petroli. Chumba ambacho nyumba nyingine hukiweka kwa wageni, kwao alilala Bibi. Bibi alikuwa pikipiki ya Kiingereza, mweusi, tangi la rangi ya fedha limechubuka ubavuni, umri wake umewapita wote wawili. Kaka alimpata akiwa vipande katika magunia matatu, kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama na hakutaka kubeba vyuma. Akamuunga kwa miaka tisa. Vipuri visivyopatikana alivichonga mwenyewe kwa tupa. Bibi alivuja oili popote aliposimamishwa, na dada alipolalamikia sakafu kaka alimjibu jibu lile lile kila mwaka: "Akiacha kuvuja ndipo uogope. Ujue oili imekwisha."

Miezi saba kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, mteja mmoja alimpa kaka lifti katika gari dogo la mizigo. Gari likaacha njia, likapinduka mtaroni, paa likabonyea. Mteja alitoka na mikwaruzo. Kaka alibaki ndani kwa saa mbili, paa likimgusa pua, kifundo cha mguu wa kulia kimebanwa chini ya kiti, mpaka watu walipokuja na msumeno wa chuma. Mama Plasta ndiye aliyemfunga siku hiyo hiyo.

Kumrudisha nyumbani kwa gari la wagonjwa ilibidi achomwe sindano ya usingizi. Alipoamka na kuambiwa alivyoletwa, alisema maneno machache tu: hataingia tena katika kitu chenye magurudumu na paa, na atakayemchoma tena sindano kwa hila si ndugu yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu alishtuka hata mlango wa gari ukifungwa nje barabarani.

Plasta ilipofikia wakati wa kufunguliwa, dada alileta mkasi wake mkubwa akaifungulia sebuleni. Mfupa ulionekana umeunga. Lakini mwezi wa sita baada ya ajali kifundo kikavimba, kikawa cha moto, kisha kikatoboka tundu dogo linalotoa maji. Mama Plasta aliinama akanusa. Harufu ile aliijua. Kesho yake alimwonyesha daktari wa mifupa picha aliyopiga kwa simu, na daktari, mwanamke wa maneno machache, aliitazama bila kukaa.

"Mlete," alisema. "Nataka eksirei na chumba cha upasuaji, na hivyo siwezi kuvihamishia kwenu. Dawa nitakazokupa zitauchelewesha usaha, hazitauzuia. Ukipanda ndani ya mfupa nitakata chini ya goti. Nakupa mwezi mmoja, na huo ni mwingi."

Jioni ile dada aliweka kikombe cha chai mbele ya kaka, akakaa, akamwambia yote bila kupunguza.

"Nitaita teksi," alimalizia. "Dereva mtu mzima, asiye na haraka."

"Ina paa."

"Basi mkokoteni."

"Nipite mbele ya wateja wangu nimelazwa kama gunia la viazi? Bora mnizike."

"Pikipiki ya kukodi haina paa, kaka."

Kaka akacheka kwa pua. "Breki zao nazitengeneza mimi, mdogo wangu. Nazijua."

"Kwa hiyo utakaa hapa mguu ukuozee."

"Sijasema siendi. Bibi hana paa, na breki zake naziamini. Siku utakayonipakia wewe kwa Bibi mpaka getini kwenu, nakwenda. Naapa kwa kaburi la mama."

Akacheka tena, safari hii kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Alijua anamwambia nani. Ulimi hauna mfupa, husema watu, na Mama Plasta alijua kuliko wote kwamba kisicho na mfupa hakifungwi plasta.

Alitoka uani akasimama kati ya kamba za nguo. Aliwaza muundi wake mwenyewe ukipasuka kwenye lami, akauona kama alivyozoea kuiona mingine kwenye picha, mweupe na umekatika. Kisha akawaza mguu wa kaka yake ukiishia chini ya goti, maana miguu ya namna hiyo nayo aliijua. Ndiye aliyekuwa akiifunga bandeji. Hofu mbili zikamshika, moja kila mkono, zikamvuta. Ile ya pili ilikuwa na nguvu zaidi kidogo, ndiyo maana asubuhi alipitia shule ya udereva kabla ya kwenda kazini.

Kaka hakuambiwa. Kwa siku kumi na tano aliondoka nyumbani saa moja mapema, akazunguka vigingi vya shule kwenye pikipiki mpya nyepesi, pamoja na wanafunzi walioweza kuwa watoto wake. Mwalimu wa udereva alikuwa mtu mwembamba mwenye filimbi, na wimbo wake ulikuwa mmoja: kulia breki, kulia breki. Mama Plasta alikanyaga kwa mguu wa kulia mpaka ukajua kazi yake bila kuambiwa. Kila alipomaliza zamu yake ya kuendesha alikwenda nyuma ya ukuta, akainama, akashika magoti mpaka pumzi irudi. Hakuna siku hata moja aliyoacha kuogopa. Wenzake walidhani ana pumu.

Siku ya kumi na sita aliweka kadi ya leseni kwenye trei, kando ya vidonge vya kaka.

Kaka aliigeuza mara mbili. Kicheko hakikuja. "Ile habari nilikuwa natania, mdogo wangu."

"Mimi sikutania. Na ahadi ni deni."

Kaka akairudisha kadi kwenye trei. "Wamekufundisha breki mguu gani?"

"Wa kulia."

Kaka akafumba macho. "Basi wamekufundisha kutuua," alisema. "Pikipiki za siku hizi, breki kulia, gia kushoto. Bibi ni kinyume. Breki yake iko kushoto. Gia iko kulia: ya kwanza unainua juu kwa kidole cha mguu, zilizobaki unakanyaga chini. Ukikanyaga kulia ukidhani ni breki, unampandisha gia. Anakuwa mwepesi, anakimbia zaidi. Unanisikia?"

Alikuwa amesikia, na alitamani asingesikia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kitupu kilichozungushiwa ukuta, kilichokuwa zamani ghala la mbao. Kila alasiri kaka alikaa hapo juu ya kigoda, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda kingine, akafundisha kwa mdomo na fimbo. Kumwasha Bibi peke yake kulikuwa somo la siku mbili. Unafungua bomba la petroli. Unabonyeza kitufe cha kabureta mpaka petroli ikulowe kidole. Unarudisha nyuma kijiti cha chuma kwenye usukani ili cheche ichelewe kidogo. Ndipo unapiga kiki, kwa uzito wa mwili wote, bila kusitasita.

"Ukisahau kile kijiti," kaka alisema, "atakurudishia teke."

Siku ya pili alikisahau. Kiki ikarudi ikampiga kwenye muundi, akakaa chini vumbini, akaanza kuupapasa mguu wake kwa vidole viwili kuanzia gotini kwenda chini, taratibu, kama anavyowapapasa wagonjwa. Kaka alisubiri.

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi inuka. Bibi hapendi watu wanaojihurumia."

Kuendesha kiwanjani alikuweza, tena mapema kuliko wote wawili walivyotarajia. Tatizo lilikuwa mguu. Ikitokea haja ya kusimama kwa ghafla, mguu wa kulia ulitangulia, Bibi akapanda gia, akaufuata ukuta. Mara mbili aliugonga. Kaka akabuni dawa. Akawa anapiga ukelele wa "breki" wakati wowote, dada akiwa anakula, anapiga pasi, anasali, na dada alitakiwa akanyage chini kwa mguu wa kushoto. Akikosea, anarudia mara ishirini. Jirani yao mwenye duka la madaftari aliuliza kwa upole kama wana panya. Hata kazini, mgonjwa mmoja akisimulia ajali yake alisema breki zilimfelia, na Mama Plasta akakanyaga sakafu kwa kishindo, ndoo ya maji ikamwagika. Mgonjwa alidhani anamwonea uchungu.

Jumanne ya wiki ya mwisho dada alimwangusha Bibi. Alikuwa anamgeuza polepole karibu na ukuta, akapoteza mizani, na chuma kile chote kikamlalia, bomba la moshi likimuunguza shavu la mguu kupitia suruali. Kaka aliinuka kumkimbilia. Alisahau kwamba hana mguu. Alikwenda hatua moja, akaanguka kifudifudi. Wakabaki vumbini wote wawili, mita tano baina yao, hakuna wa kumsaidia mwenzake, oili ikichirizika katikati.

"Mdogo wangu," kaka alisema hatimaye, shavu lake likiwa bado chini, "tuache. Mguu ni wangu. Nakusamehe."

Mama Plasta alikuwa analia kwa maumivu na kwa hofu, wala hakuificha. Lakini upepo ulikuwa ukitoka upande wa kaka, na kutoka pale alipolala aliweza kuinusa harufu ya kifundo. Akajichomoa chini ya Bibi.

"Kesho kutwa," alisema. "Saa nne asubuhi, barabara zikipungua watu."

Alhamisi alimfunga kaka bamba la plasta kukinga kifundo, akampandisha kwenye kiti cha nyuma kwa msaada wa kigoda, akamvika helmeti. Kijiti akakirudisha nyuma. Bibi akawaka kwa kiki ya tatu, kwa ule mlio wake mzito unaosikika kifuani kabla ya masikioni. Hospitali ilikuwa umbali wa kilomita nne: mtaa wa maduka, barabara ya shule, mteremko mrefu mpaka darajani, kisha geti. Wa kuogopwa ulikuwa mteremko. Alikuwa ameutembea kwa miguu jana yake, kwenda na kurudi, akiangalia mashimo.

Mtaa wa maduka waliumaliza kwa gia ya pili. Mwenye duka la madaftari alitoka nje akaweka mkono kifuani. Kwenye barabara ya shule dada alikanyaga gia ya tatu, mikono yake imekaza usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Kaka hakusema kitu. Wiki mbili nzima mdomo wake haukupumzika, leo kimya. Dada alidhani ananuna.

Mteremko ukafunguka mbele yao. Walikuwa wameufika katikati, Bibi akikoroma ndani ya gia ya tatu, mtu mwenye mkokoteni uliojaa mabati alipotoka uchochoroni akaanza kuvuka. Hakutazama juu. Mabati yaliziba njia yote.

Mama Plasta akakanyaga kwa mguu wa kulia.

Bibi akaingia gia ya nne. Mngurumo ukashuka ukawa mwembamba, na uzito uliokuwa ukiwashika ukaondoka; wakaanza kukimbia. Akakanyaga tena, kulia, kwa nguvu zake zote. Hakukuwa na gia nyingine. Mabati yalikuja yakimetameta, akaona makali yake yote kwa mpigo, akaona na chumba chake, kitanda kirefu, ndoo, yeye mwenyewe juu ya kitanda na kaka chini yake. Akasubiri neno. Neno moja tu, lile aliloambiwa mezani na kwenye pasi. Halikuja.

Kilichokuja ni mkono. Mkono wa kaka ulipita ubavuni mwake, ukashika goti lake la kushoto, ukalisukuma chini kama mtu anayeziba jeraha linalovuja damu. Mguu ukakumbuka. Breki ikashika, gurudumu la nyuma likalia, Bibi akateleza mkia kidogo, akasimama. Injini ikazimika. Kati ya gurudumu la mbele na mabati pangepita kuku, mbuzi asingepita.

Mwenye mkokoteni akawatazama wote wawili, kisha akawatazama tena. "Mama," alisema, "hospitali iko mbele tu. Mngeweza kutembea."

Akavuka.

Hapo ndipo dada alipoihisi mikono ya kaka. Ilikuwa imemzunguka kiunoni na ilikuwa ikitetemeka, na kutetemeka kule hakukuwa kwa sasa hivi. Blauzi yake mgongoni ilikuwa imelowa jasho ambalo halikuwa lake. Akaelewa kwamba kaka alikuwa akitetemeka tangu mlangoni, tangu kigodani. Haikuwa paa. Paa lilikuwa jina tu alilolipa jambo kubwa zaidi. Mtu huyu alikuwa akiogopa kila kitu kinachotembea, hata Bibi, na alimwapia kwa kaburi la mama kwa sababu aliamini siku hiyo haitafika.

"Kaka, unaogopa."

"Sana," alisema. Meno yake yaligongana. "Nilitaka kukupigia kelele ya breki. Sauti ilikataa."

"Mimi nami naogopa."

"Najua. Naiona shingo yako." Akavuta pumzi. "Hapa hutaweza kupiga kiki, nitaanguka. Mrudishe gia ya pili. Shika klachi. Muache ashuke mwenyewe, akianza kukimbia, achia klachi, atawaka."

Kumwacha ashuke. Mama Plasta alitazama mteremko uliobaki, daraja chini yake na maji chini ya daraja. Alitaka kushuka hapo hapo, akae kando ya barabara, aite mtu yeyote mwenye gari lolote. Kaka angekataa, na mchana ungepita. Akaweka mguu wa kushoto juu ya breki, akaapa hautatoka, akaachia.

Getini mlinzi hakuwatambua mpaka helmeti zilipovuliwa. Mama Plasta alisimama wima, akamkabidhi kaka kwa watu wa machela, akaenda chooni akatapika. Kisha akanawa akaenda kufunga mkono wa mtoto aliyeanguka kwenye ngazi, kwa sababu zamu yake ilikuwa imeanza.

Kaka aliingizwa chumba cha upasuaji mchana ule ule. Aliingizwa tena mara mbili baada ya hapo, akaoshwa mfupa, akakaa wodini wiki tisa. Siku ile ya kwanza ilibidi Bibi arudi nyumbani, na hakuna mwingine aliyeweza kumwendesha. Dada alimrudisha peke yake kwa gia ya pili kilomita zote nne, akapitwa na baiskeli. Akamwingiza chumbani kwake, akamfunika shuka, akafunga mlango kwa ufunguo. Alimwambia kwa sauti, kama anavyoambiwa mtu: basi, mimi na wewe tumemalizana. Usiku huo alilala vizuri kuliko alivyolala mwezi mzima.

Wiki ya tisa daktari wa mifupa aliingia chumba cha plasta, kaka akiwa juu ya kitanda kirefu, akaishika picha mpya mbele ya dirisha.

"Mguu tunao," alisema. "Kifundo tumekipoteza. Mfupa utagandana, hautakunja tena juu wala chini, lakini utatembea. Mama Plasta, mfunge digrii tisini, unyayo bapa. Utakavyomfunga leo ndivyo atakavyokaa maisha. Kesho aende nyumbani."

Akatoka. Dada akachovya bandeji za plasta kwenye ndoo, akazikamua, akaanza kuzungusha. Alikuwa amefika kisiginoni kaka alipoushika mkono wake wenye unga.

"Mdogo wangu. Vidole vielekee chini kidogo."

"Kwa nini?"

"Kidogo tu. Kama hivi." Akaonyesha kwa kiganja. "Nimekaa hapa wiki tisa napiga hesabu. Kikikaa bapa sitafikia gia kamwe. Kikielekea chini nitaigonga kwa mguu mzima. Gia za Bibi ziko kulia, unajua. Tafadhali."

Hakuwahi kumwambia tafadhali, tangu wakiwa watoto. Mlango ulikuwa umefungwa. Plasta ilikuwa bado laini, na mguu ulikuwa mikononi mwake. Ungekwenda popote ambapo angeupeleka, na daktari angelaumu mfupa. Alijua mtu aliyefungwa hivyo hutembeaje: kwa ncha ya vidole, kama anayenyata, mpaka goti linaharibika, kisha nyonga. Hilo alilijua. Lakini alijua na lingine. Vidole vikielekea chini, Bibi ana mwenyewe. Vikikaa bapa, hakuna mtu mwingine katika nyumba ile mwenye mguu wa kulia wa kubadilisha gia, na pikipiki ya umri ule isipotembezwa hufa. Mteremko ule ungekuwa wake kila wiki, maisha yake yote. Mungu amsamehe, kwa muda wa pumzi mbili alitaka kumkubalia, na si kwa huruma.

Akauweka unyayo wa kaka bapa kwenye kifua chake, akausukuma kwa uzito wa mwili mpaka ukafika digrii tisini, akaushika hapo kwa mikono miwili.

"Wa kutembea, kaka," alisema. "Nakufunga mguu wa kutembea."

Kaka alijaribu kuuvuta. Dada hakuachia. Plasta ilianza kupata joto, kama inavyopata joto kila inapokaribia kukauka, na joto lile likampitia kwenye blauzi. Kaka akageukia ukutani na mabega yake yakatikisika. Dada hakumwambia anyamaze. Alibaki vilevile, dakika tano, dakika saba, mpaka alipogonga kwa kucha akasikia mlio mkavu. Sasa haikuweza kubadilishwa hata akitaka.

"Kesho utanichukua na nini?" kaka aliuliza ukutani.

Akili ya dada ilishaenda mbele, kwenye chumba kilichofungwa kwa ufunguo, kwenye shuka, kwenye daraja, kwenye mteremko ambao kesho ataushuka peke yake na kuupanda na kaka nyuma yake, kisha kila wiki. 

"Na Bibi," alisema. "Saa nne, watu wakipungua."

Bila kugeuka, kwa sauti ndogo iliyokwaruza, kaka akasema, "Breki."

Chini ya kitanda, mguu wa kushoto wa dada ulikuwa umekanyaga sakafu tangu zamani.